Kauli ya Kutendwa

"Niliajiriwa, nikapewa gari, nikaitwa ofisini, nikaambiwa mzigo sasa ni wa treni, nikarudishwa nyumbani." Mzee akanyamaza, akainamia kikombe cha kahawa chungu. Tulikuwa watu saba barazani, Changamwe, Mombasa, malori ya kontena yakinguruma kuelekea bandarini. Amri ya 2019 ya kupakia mizigo kwenye reli ya SGR ilimkuta ameshika usukani wa safari za Nairobi miaka mingi.

Dada aliyetuongoza kusimulia maisha yetu hakumpa pole. "Rudia, mzee wangu. Safari hii sitaki ulivyotendwa. Nataka ulivyotenda."

Nimewatazama mafundi wengi, wa majahazi, wa makuti, wa milango. Dada huyu alinishika kuliko wote. Kazi yake yote i katika ile *w* ndogo inayojipenyeza mwishoni mwa kitenzi na kumfuta mtendaji. Dada aliisikia kama makanika anavyosikia beringi iliyokufa.

Mzee alikawia. "Nilizima injini. Nikafuta dashibodi. Nikampelekea tajiri funguo."

"Ulifuta dashibodi? Siku hiyo hiyo?"

"Sasa mwanangu, gari la mtu utalirudisha chafu?"

Baraza zima likaangua kicheko, na yeye mwenyewe akacheka.

Ufundi huu wa kumsaidia mtu kusimulia upya maisha yake una majina yake makubwa. Ncazelo Ncube wa Zimbabwe na David Denborough wa Australia waliwabunia watoto waliofiwa na wazazi zoezi la Mti wa Uhai: mtoto anachora mizizi, shina na matawi, anasimulia atokako na anachokiweza, kabla msiba haujaguswa. Lakini bibi zetu pia walijua kuwa "Paukwa" isiyojibiwa "Pakawa" inamfia msimulizi mdomoni.

Tusidanganyane: hadithi hairudishi mzigo barabarani. Na anayelitumia zoezi hili kumwaminisha mtu kwamba njaa yake kajitakia, huyo si fundi, ni mharibifu. Dada alikuwa na karatasi mbili. Ya kwanza ya mzee na matendo yake. Ya pili aliandika nani alitoa amri, nani alifunga geti, nani hakulipa siku za mwisho. Hakuzichanganya.

Kijana mmoja, utingo wa zamani, alikuwa bado kwenye dashibodi. "Mzee, yangu nikifuta inabaki na ukungu. Wewe hufutia nini?"

Mzee akasogeza kikombe kando. "Kwanza hilo tambara lako," akasema, "lilete nilione."