Nyumba ya Watoto: Ni ya Nani?

Wapo wenzetu wanaodai kwamba mfumo wa Montessori ni elimu ya mabwanyenye, na kwamba mjamaa hana la kujifunza humo. Wanatazama ada zinazotozwa mijini, kisha wanahukumu. Hiyo si njia ya uchambuzi. Lazima tuanze na historia.

Tarehe 6 Januari, 1907, Dakta Maria Montessori alifungua Nyumba ya Watoto katika San Lorenzo, mtaa wa makabwela mjini Roma. Wazazi walishinda kazini, na watoto waliobaki waliharibu kuta. Wenye majengo ndio waliotoa chumba, na hawakusukumwa na huruma tupu. Walikuwa wanalinda mali yao.

Kiini cha mfumo kimo katika vifaa. Chukua kibao chenye matundu 10 na vipande 10 vya mti vya unene mbalimbali. Mtoto akikosea tundu moja, kipande cha mwisho kinakataa kuingia. Hakuna aliyemkemea wala kumchapa. Kazi yenyewe imemsahihisha. Sisi tuliolelewa kwa kuitikia majibu kwa pamoja tunaujua uzito wa jambo hili. (Hata katika madarasa yetu ya siasa bado tupo tunaopenda kuitikiwa kuliko kuulizwa.)

Je, ushirika uko wapi, ikiwa kila mtoto ana mkeka wake na kazi yake? Jibu lipo, ila ni la nusu. Kila kifaa huwa kimoja tu darasani, anayekitaka hungoja zamu. Na watoto wa miaka 3 hadi 6 hukaa pamoja, mkubwa akimwelekeza mdogo. Lakini kungoja zamu si sawa na kulima shamba moja. Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967 ilidai zaidi: wanafunzi wazalishe na waamue kwa pamoja.

Kosa kubwa zaidi ni la kisiasa. Montessori alidhani mtoto aweza kukombolewa bila kuuliza nani ameshika dola. Mwaka 1924 akapokea msaada wa Mussolini. Mafashisti walitaka watoto wa gwaride. Mwaka 1934 uhusiano ukavunjika, naye akaondoka Italia.

Kibao kile si siri. Seremala wa kijiji aweza kukichonga kwa masalia ya mbao. Lililo ghali ni kumfunza mwalimu anyamaze na kumtazama mtoto akifanya kazi, na mafunzo hayo leo yanauzwa kwa ada ambayo kabwela wa San Lorenzo asingeimudu.