Mzunguko wa Kazi Ufuate Mwezi wa Zahanati

Timu ndogo ya TEHAMA ikianza kufuata mbinu za ajaili (agile) hukimbilia yale yanayoonekana: kikao cha asubuhi cha kusimama, ubao wa karatasi za rangi, mzunguko wa kazi wa wiki mbili. Ilani ya ajaili, iliyoandikwa na watu 17 huko Snowbird, Utah, Februari 2001, haitaji kikao hicho wala ubao huo. Kuhusu muda, kanuni zake zinaruhusu programu itolewe kila baada ya wiki mbili hivi hadi miezi miwili hivi. Nafasi hiyo ni pana, na mahali kama wilaya ya Same, mkoani Kilimanjaro, haina budi kutumika.

Chukua MTUHA, mfumo wa taarifa za afya ambao tangu 2013 umeenea Tanzania Bara nzima kwa programu huria ya DHIS2. Katika zahanati ya milimani isiyo na kompyuta, tuseme upande wa Chome au Vunta, muuguzi hujaza vitabu kwa mkono kila siku, mwisho wa mwezi hujumlisha, kisha fomu hushuka mjini Same kuingizwa kwenye mfumo. Anayejua kwamba safu fulani ya fomu inachanganya ni muuguzi huyo, na kazi ya kujumlisha anaifanya mara moja kwa mwezi. Timu yenye mizunguko ya wiki mbili itamaliza mmoja kati ya miwili bila kazi yake kuguswa na mtumiaji yeyote. Mapitio ya mwisho wa mzunguko yanabaki maongezi ya wasanidi peke yao, na hayo kwangu si ajaili hata kidogo.

Zanzibar walilipata jambo hili mapema. Tangu 2005, walipoanza kujenga mfumo wao kwa DHIS ya awali, waliitisha warsha kila robo mwaka. Watu wa wilaya na wa programu za afya waliwasilisha takwimu zao wenyewe mbele ya wenzao, wakaulizwa, wakabanwa. Takwimu isiyoingia akilini ilifuatiliwa hadi kwenye fomu iliyoizaa, na fomu ikarekebishwa. Miezi mitatu ni mirefu kwa macho ya msanidi wa Dar es Salaam, lakini kila mzunguko ulifungwa na watu wanaozitumia takwimu zile.

Mtumiaji ndiye pia anayefichua mahitaji. Kenya ilipoeneza DHIS2 nchi nzima mwaka 2011, seva ilikuwa moja, ya kitaifa, na wilaya nyingi ziliifikia kwa modemu za simu. Mtandao ukikatika, kazi ya kuingiza takwimu ilisimama. Wasanidi wakaiwezesha programu kuhifadhi takwimu ndani ya kivinjari hadi mtandao urudi. Nani angeandika hitaji hilo ofisini, penye intaneti isiyokatika?

Kasi nayo ina mipaka, na hapa ndipo timu ndogo huumia. DHIS2 inaruhusu mpangilio wa skrini, kanuni za kukagua makosa na chati kubadilishwa bila kuandika msimbo upya, kwa hiyo mambo hayo yanaweza kurekebishwa kila mwezi. Maana ya kiashiria isiguswe namna hiyo. Ukibadilisha mwishoni mwa Juni jinsi ya kuhesabu wagonjwa wa malaria, nusu ya kwanza ya mwaka hailinganishwi tena na ya pili, na vitabu vilivyokwisha kuchapwa viko milimani bado. Ningeweka orodha mbili za kazi zinazosubiri: moja ya kila mwezi, nyingine ya mwaka.

Orodha ya mwezi nayo isibebe mambo mengi. Wapare, wenyeji wa milima hiyo ya Same, wana ndiva, bwawa dogo linalokusanya maji usiku na kufunguliwa asubuhi kwa zamu, maana mkondo mwembamba ukigawanywa kwa mashamba yote haufiki mbali. Wasanidi watatu wenye kazi tisa nusunusu wako katika hali hiyo hiyo. Wachukue mbili, wazimalize.

Kwa timu ya Same ningeanzia siku fomu zinapofika mjini. Msanidi mmoja aketi karibu na mwingiza takwimu, aandike kila mahali mwenzake huyo anaposita au anapolazimika kupiga simu zahanati kuuliza. Maandishi hayo ndiyo yawe kazi za mwezi huo, na mwezi unaofuata aketi palepale kuona simu zipi zimekoma.