Hiari ya Mwenye Deni: Kuhusu Utetezi wa Ubepari Vyuoni

Mwaka 2011 kilitolewa Marekani kitabu kiitwacho The Morality of Capitalism, yaani Uadilifu wa Ubepari, kilichohaririwa na Tom G. Palmer. Kitabu hiki kiliandikwa kwa ajili ya wanafunzi, na jumuiya iitwayo Students For Liberty imekisambaza katika vyuo vikuu vya nchi nyingi. Kada anayedhani kwamba mapambano ya itikadi vyuoni yalikwisha pale masharti ya Azimio la Arusha yalipolegezwa Zanzibar mwaka 1991, hana budi kukisoma.

Watetezi wengi wa ubepari wametueleza kuwa mfumo wao una kasoro, ila unaleta mali. Kitabu hiki hakiombi radhi. Kinadai kuwa ubepari wenyewe ni uadilifu. Katika soko huru, waandishi wake wanasema, hakuna anayelazimishwa: muuzaji na mnunuzi hukubaliana kwa hiari, kila mmoja hunufaika, na sheria huwatazama wote kwa jicho moja. Utajiri unaopatikana kwa upendeleo wa dola wanaukana kuwa si wa soko huru.

Katika hili la mwisho wanasema kweli, wala haifai tulikwepe. Kiongozi anayetumia ofisi yake kujipatia leseni na zabuni hana haki ya kumhubiria mwanafunzi juu ya unyonyaji. Lakini hoja nzima ya kitabu imesimama juu ya neno moja, hiari. Na tulipime neno hilo kwa hali halisi ya Mwanza.

Kwanza, sangara. Tangu viwanda vya minofu vilipoenea Mwanza katika miaka ya 1990, mvuvi asiye na mtaji aghalabu hupewa mashine au nyavu na tajiri au wakala wa kiwanda, kwa sharti kwamba samaki atamwuzia yeye. Samaki hupimwa mwaloni, bei hutajwa, fedha hutolewa, wala hakuna askari mwenye bunduki. Kwa kipimo cha kitabu hiki, hayo ni mapatano huru. Lakini mvuvi akikataa bei, deni linabaki pale pale, na samaki anaoza. Umoja wa Ulaya ulipozuia samaki wa Ziwa Victoria mwaka 1999 kwa hofu ya sumu, mwenye mtaji aliweza kungoja. Mwenye njaa hakuweza. Minofu ilikuwa ikisafirishwa Ulaya, na mapanki, yaani vichwa na mifupa, yakauzwa kwa maskini wa mji ule ule. Penye mmoja awezaye kungoja na mwingine asiyeweza, neno hiari linaficha mengi.

Pili, pamba. Kabla ya ushirika, mkulima wa Usukuma alipeleka pamba yake kwa mfanyabiashara ambaye ndiye aliyekuwa mwenye mizani. Naye pia aliuza kwa hiari, na akapunjwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 wakulima waliweka wapimaji wao wenyewe. Mwaka 1955, chini ya uongozi wa Paul Bomani, vyama vyao viliungana katika Shirikisho la Victoria, na hata kabla ya Uhuru wa 1961 vilikuwa vikinunua pamba ya Kanda ya Ziwa na kumiliki vinu vya kuichambua. Wakulima hawakulikimbia soko. Waliingia sokoni wakiwa na nguvu, na hapo ndipo hiari yao ilipoanza kuwa na maana.

Tatu, historia yetu wenyewe. Mwaka 1976 Serikali ilivunja vyama vikuu vya ushirika, na mkulima akabaki tena mbele ya mnunuzi mmoja, safari hii mamlaka ya umma. Ilihitajika sheria ya 1982 ili ushirika urudi. Azimio la 1967 lilikuwa limetaka njia kuu za uchumi ziwe mikononi mwa wakulima na wafanyakazi kwa kupitia Serikali yao na vyama vyao vya ushirika. Palipoondolewa kimoja kati ya hivyo viwili, aliyeumia ni mkulima. Anayeficha jambo hili anawapa watetezi wa ubepari silaha bure.

Basi kada afanye nini chuoni? Asikipige marufuku kitabu, maana hoja iliyofichwa huonekana kubwa kuliko ilivyo. Wala asijibu kwa kaulimbiu. Nyegezi, ambako kuna chuo kikuu na chuo cha uvuvi, ni mwendo mfupi tu kutoka ziwani. Wanafunzi wakisome kitabu, kisha washuke mwaloni na kuuliza maswali matatu. Nani mwenye nyavu? Nani mwenye mizani? Nani anaweza kuikataa bei, na jioni watoto wake bado wakala?

Uadilifu wa mfumo wowote wa uchumi, ukiwamo wetu, utapimwa kwa jibu la swali la tatu.