Waridi Lililonyimwa Jibu: Kuisoma Upya Rosa Mistika

Wapenzi wa ushairi wa mwambao wamemjua marehemu Euphrase Kezilahabi kwa ugomvi zaidi kuliko kwa mapenzi. Diwani yake ya Kichomi, iliyotoka mwaka 1974, iliacha vina na mizani, na mabishano yaliyozuka baina ya wanamapokeo na wanamabadiliko yaliwachosha wengi wetu hata tusitamani kufungua kitabu chake kingine. Riwaya yake ya kwanza, Rosa Mistika, ya mwaka 1971, tukawaachia wanafunzi wa sekondari waisome kwa ajili ya mtihani. Hilo si haki. Riwaya hii inazungumzia mambo ambayo tungo zetu zimeyabeba tangu zama: penzi la kwanza, ndimi za watu, na binti anayejaribu kusimama wima baina ya hayo mawili.

Hata jina lake lingetosha kumvuta malenga. Rosa Mistika ni Kilatini, yaani waridi la fumbo, nayo ni mojawapo ya sifa anazoitwa Bikira Maria katika litania ya Wakatoliki. Msomaji wa mwambao hahitaji kuwa Mkatoliki ili alielewe. Kwetu sisi waridi ni mpenzi, na fumbo ndilo vazi analovishwa ili asitajwe mbele ya kadamnasi.

Kisa chenyewe si kirefu. Rosa ni binti mkubwa wa Zakaria na Regina, wakazi wa Ukerewe, kisiwa cha Ziwa Viktoria alikozaliwa mwandishi mwenyewe. Kijana aitwaye Charles anamwandikia barua. Barua inaangukia mikononi mwa baba, mtu wa pombe na ukali, na binti anapigwa vibaya. Anapokwenda Rosary, sekondari ya wasichana iliyo chini ya masista, anakwenda na hofu ya kila mwanamume. Hofu hiyo ilipovunjika, ilivunjika kwa kishindo. Deogratias, Bwana Maendeleo, anamhadaa, na baada yake wanafuata wengine hadi chuo cha ualimu. Mwishoni Charles anarejea na penzi linafufuka, lakini anapotambua kwamba Rosa si bikira, anamkataa. Rosa anajiua.

Darasani funzo hutolewa kwa sentensi moja: malezi makali humharibu mtoto. Si uongo, ila ni nusu ya kweli, kwani humtwika Zakaria mzigo wote na kutuacha sisi wengine tukiwa safi. Mimi naona kwamba riwaya hii ni ufafanuzi mchungu wa methali tunayoitumia kila siku barazani: lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Tumezoea kuitamka methali hii kuthibitisha kwamba uvumi hauzuki bure. Kezilahabi ameigeuza. Siku Rosa alipopigwa, kosa lake lilikuwa ni kuandikiwa. Tuhuma ilikuja kwanza, tendo likafuata baada ya miaka. Binti aliyekwisha hukumiwa kwa jambo ambalo hajalifanya, heshima ya kuilinda anaitoa wapi? Lililosemwa halikuwapo, na lilipokuja lilipita katika njia waliyoichimba wasemaji.

Ili kuona alichonyang'anywa Rosa, tumweke kando ya binti mwingine wa kisiwani. Mwaka 1858 Mwana Kupona binti Msham wa Pate, akiwa mgonjwa, alimtungia bintiye Mwana Hashima utendi wa wasia. Mwanzoni mwake mama anamwita mwanawe aje akae karibu naye, tena aje na wino na karatasi. Wasia ule una mambo mengi ambayo wasichana wa leo hawatayakubali, hasa juu ya utiifu kwa mume, na sina haja ya kuyatetea. Nataka tuitazame karatasi ile tu. Kwa Mwana Kupona, karatasi imo mkononi mwa binti, na anayezungumza naye amekaa ubavuni pake. Kwa Zakaria, karatasi inatoka mkononi mwa binti, na anayezungumza naye ameshika fimbo. Hakuna aliyemuuliza Rosa: nawe, mwanangu, wampenda kijana huyu? Ungependa kumjibu nini?

Neno hili, kujibu, ndilo msingi wa kujiamini kama tunavyokujua mwambao. Ushairi wetu ni wa kujibizana. Mwenye kutupiwa beti hurudisha beti, na asiyejibu huhesabiwa kuwa ameshindwa. Wanawake nao wana kanga zenye maneno na wana taarabu. Siti binti Saad, aliyesafiri hadi Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri, aliwajibu kwa wimbo wale walioidhihaki sura yake, na wimbo ukadumu kuliko dhihaka. Rosa hakuwa na kanga wala wimbo. Aliponyimwa ulimi, alijibu kwa mwili, na mwili hauna fumbo la kujistiri.

Hapa ndipo ninapotofautiana na mwandishi. Amemhurumia Rosa, lakini mwisho aliompa ndio uleule ambao wasengenyaji wangeutabiri. Mbaya zaidi, hukumu inatamkwa na Charles, yuleyule aliyeandika barua ya kwanza. Aliyeanzisha penzi amekuwa kinywa cha kijiji. Kama ni kejeli, ni kejeli kali na inafaa. Lakini msichana wa miaka kumi na sita anayeisoma peke yake bwenini aweza kuelewa kwamba ukishasemwa, umekwisha. Sura ya mwisho inayomweka Rosa na baba yake mbele ya Mungu inauliza nani mwenye dhambi. Haiulizi namna gani angeweza kuishi. Swali hilo la pili ndilo analolihitaji msomaji yule.

Tusisahau pia kwamba riwaya hii ilipigwa marufuku mashuleni kwa muda, kabla ya kuruhusiwa na kuwa kitabu cha kufundishia. Wakubwa waliogopa kwamba wasichana wangejifunza uchafu. Walifanya kama Zakaria: waliona karatasi mkononi mwa binti, wakaipokonya bila kumuuliza ameelewa nini.

Leo barua ya Charles ingekuwa ujumbe wa simu, na darasa zima lingeusoma kabla ya kengele ya mapumziko. Mambo yameongezeka kasi, ila aibu ni ileile, na jibu limezidi kuwa gumu. Kwa hiyo nawasihi wenzangu watunzi, ambao tumemwita mpenzi waridi katika beti zisizo na idadi: tuandike na beti ambazo waridi linajibu. Na mzazi au mwalimu mwenye binti anayeisoma Rosa Mistika mwaka huu, aisome pamoja naye, wakiifikia barua ya Charles wafunge kitabu kidogo, amuulize binti yeye angejibu nini, kisha asikilize mpaka mwisho.