Jiwe Moja, Magari Matatu

Katikati ya safu za nyumba za mtaa wa Jericho, jijini Nairobi, pale kamba za nguo zinapokaribia mtaro, limelala jiwe lililosalia ukuta fulani ulipobomolewa. Kimo chake hakifiki goti la mtu mzima. Kina mama hulikanyaga wakivuka tope msimu wa mvua, na watoto hulikalia wakila miwa. Jumapili alasiri, hata hivyo, jiwe hilo huwa mlima, na gari lolote lililoundwa mtaani wiki hiyo huletwa hapo likapimwe.

Hapapimwi mbio. Mbio tumezisifu vya kutosha jijini: wazee wetu walimshangilia Joginder Singh aliposhinda Safari Rally mwaka wa 1965, 1974 na 1976, na sisi tunapanda matatu zinazoshindana kutoka Buruburu hadi mjini kana kwamba kuna kombe. Hapa kwenye jiwe, gari likiruka linazomewa. Linalosifiwa ni lile linalopanda kama kinyonga: linaweka gurudumu, linatulia, ndipo linaweka lingine. Watu wazima nao wana mashindano yenye imani hiyohiyo. Katika Rhino Charge, iliyoanza mwaka wa 1989, magari makubwa huingia porini kwa saa 10, na mshindi ni yule aliyefika vituo vyote kwa njia fupi kuliko wenzake, hata kama njia hiyo imempitisha juu ya majabali. Tofauti ni kwamba wao huhitaji pori zima. Vijana wa Jericho wanahitaji jiwe.

Gari la kwanza kuwekwa mbele ya jiwe ni la waya, mtindo ambao watoto wa Eastlands wameurithishana tangu mikebe ya mafuta ya Kimbo ilipokuwa mali. Halina mota. Kinachotoka juu yake ni waya mrefu unaofika kifuani mwa dereva, na nchani pana usukani wa duara. Ukizungusha usukani, ekseli ya mbele inageuka. Ukisukuma, gari linakwenda nawe nyuma yake.

Nimemtazama aliyeliunda akifanya kazi, na nimejifunza kutomharakisha. Alianza kwa kunyoosha waya: aliuvuta akiuzungusha kwenye nguzo ya kamba ya nguo, mara kumi au zaidi, mpaka mikunjo yote ikaisha. Kisha akaukunja kwa koleo kufanya fremu nzima bila kuukata kwenye pembe. “Ukikata, umeunda mahali pa kulegea,” alisema. Palipolazimu nyaya mbili kukutana, alifunga kwa utepe wa mpira wa tyubu ya baiskeli. Utepe aliuvuta hadi ukawa mwembamba, akauzungusha ukiwa umenyooka hivyo, na mzunguko wa mwisho akaupitisha chini ya ule uliotangulia. Mpira ulipotaka kurudi kwenye unene wake, ulijibana wenyewe. Hakukuwa na gundi wala fundo.

Magurudumu yalitoka kwenye ndara zilizochakaa. Alichagua kisigino kwa kuwa ndipo penye unene, akachora duara kwa kitako cha chupa ya soda, akakata kwa wembe polepole huku akigeuza ndara na kuacha wembe pale ulipo. Duara mbili zikapachikwa pamoja kwa kila gurudumu. Ukingo hakuulainisha. Alisema ukingo mkavu wenye vijimeno ndio unaoshika jiwe.

Sasa tazama linavyopanda. Gurudumu la mbele la kulia linagusa jiwe, linainuka. Fremu yote inajipinda kama mtu anayejigeuza kitandani, na yale matatu mengine yanabaki chini. Hapo ndipo siri ilipo. Gari la kupanda mawe halishindi kwa nguvu peke yake. Linashinda kwa kuweka magurudumu manne chini kila wakati, maana gurudumu lililo hewani halisukumi kitu. Jumapili hiyohiyo mtoto mmoja alileta lori la bati lililopakwa rangi vizuri, lenye milango na taa za vizibo. Lilikuwa zuri kuliko yote. Lilipofika kwenye jiwe, bati halikukubali kupinda, gurudumu moja likabaki likielea, na lori likaanguka ubavu. Hakuna aliyecheka. Mwenye gari la waya aliliokota, akalikagua, akamwambia mwenzake afungue vikunjo viwili vya bati vya nyuma ili sehemu ya mzigo iweze kucheza.

Gari la pili lina mota, na ndilo lililonileta hapa mara ya tatu na ya nne. Mota imetoka kwenye kicheza DVD kilichokufa. Mota ya namna hiyo ina mbio nyingi lakini nguvu haba: huzunguka maelfu ya mara kwa dakika, na ukiishika kwa vidole viwili inasimama. Dawa yake ni gia. Kijana aliyeliunda alizitoa kwenye printa iliyotupwa, akazipanga ili yenye meno 10 izungushe yenye meno 40. Mwendo unagawanyika kwa 4, na nguvu ya kuzungusha inaongezeka karibu kwa kiasi hicho, ukitoa kile kinachomezwa na msuguano. Aliweka hatua tatu kama hizo. Nne mara nne mara nne ni 64. Mota ileile iliyokuwa ikisimamishwa na vidole viwili sasa inaburuta tofali, kwa mwendo ambao siafu angeupita.

Ekseli ameitengeneza kwa chuma cha mwavuli, na magurudumu yote mawili yamekazwa humo ili yazunguke pamoja. Gari la barabarani lina difu, ambayo huruhusu gurudumu la nje lizunguke zaidi ya la ndani kwenye kona. Lakini juu ya mawe difu ya kawaida ni msaliti: gurudumu moja likiwa hewani huchukua mzunguko wote, na lile lililo chini husimama. Ndiyo maana magari ya kiwandani ya kupanda mawe huja na difu zilizofungwa. Kijana huyu hakuifunga difu yake. Hakuwa nayo tangu mwanzo, na kukosa kwake kukawa sawasawa na kile ambacho wengine hukilipia. Gharama anailipa kwenye kona: gari linaburuza magurudumu na kugeuka kwa shida kama basi kwenye uchochoro.

Tatizo lililobaki lilikuwa uzito. Mara tatu gari lilifika karibu na kilele na kupinduka chali, kwa sababu linapoinuka uzito wote huhamia nyuma. Alisogeza betri mbele ya ekseli ya kwanza. Kisha akaenda kwa wanaorekebisha magurudumu kandokando ya Jogoo Road, akaokota vile vipande vya risasi vinavyobandikwa kwenye rimu kubalansi tairi, akavificha ndani ya magurudumu ya mbele. Uzito ukiwa chini kabisa, gari linang’ang’ania jiwe. Wapenzi wa magari haya ng’ambo hununua vyuma vya shaba kwa kazi hiyohiyo.

Gari la tatu lilikuja kwenye begi la jamaa aliyetoka Marekani: Axial SCX24, gari la rimoti la kiwandani, la kipimo cha 1 kwa 24. Kwa kipimo hicho Land Cruiser la mita 4.8 huwa sentimita 20. Kwa 1 kwa 18, kama Traxxas TRX-4M iliyotoka mwaka wa 2022, lingekuwa karibu sentimita 27, na kwa 1 kwa 10, sentimita 48. Mtu angedhani kubwa ndilo bora. Lakini udogo una faida yake katika mtaa uliobanana: changarawe ambayo gari kubwa halingeiona huwa jabali kwa dogo, na ufa wa saruji huwa bonde. Kadiri gari linavyopungua, ndivyo Jericho inavyopanuka.

Tuseme kweli: la kiwandani lilipanda vizuri kuliko yote. Rimoti yake inatii hata kwa nusu ya unywele, na lilisimama katikati ya mteremko bila kuteleza. Lile la gia za printa lilifika kilele baada ya majaribio manne, likikwaruza. Lakini nilipopewa usukani wa lile la waya, nilielewa kwa nini mwenyewe hatamani rimoti. Jiwe linapanda na waya hadi kiganjani. Unasikia gurudumu likitafuta pa kushika, unasikia fremu ikikaribia kuchoka, na mkono unajua kupunguza kabla macho hayajaona. Nilipotaka kusukuma kwa nguvu, alinishika kiwiko. “Wacha ipande yenyewe, mzee.”

Ilipanda. Jua lilikuwa limeshuka nyuma ya mapaa, na kina mama walikuwa wakianua nguo. Magari yote matatu yalikuwa yamefika juu, na nikadhani kazi imekwisha. Vijana wawili wakainama, wakaingiza mikono chini ya jiwe, wakaligeuza. Upande wa pili ulikuwa na tope, na ncha ambayo hakuna aliyewahi kuiona. Wakaliweka vizuri, wakafuta mikono, na mwenye gari la waya akaanza tena kutoka chini.