Keki Iliyoinama: Jinsi ya Kuitambua Iliyojengwa Vyema

Keki iliyoinama, ikiwa imejengwa vyema, haijainama. Anayeanza kazi hii alishike neno hilo kabla hajanunua hata kilo moja ya unga. Ghorofa tatu zinazoonekana kutaka kuanguka, kila moja upande wake, kwa ndani zimekaa kwenye sakafu zilizolala sawasawa, na uzito wote unashuka wima hadi kwenye kibao cha chini. Mwinamo ni wa macho tu. Mwokaji aliyelielewa hili hutoa keki itakayosimama tangu mchana inapopangwa mezani hadi maharusi watakapoingia ukumbini saa tatu usiku. Asiyelielewa hutoa kitu kinachoteleza kidogo kidogo, na wageni wa meza za mbele huwa wa kwanza kuona.

Mwongozo huu nauandika kwa anayeanza, lakini naanzia kwenye kutazama, si kwenye kuoka. Asiyejua kuikagua keki ya mwenzake hawezi kuikagua ya kwake, na keki ya namna hii haisahihishwi ikishafunikwa. Makosa yake makubwa hutendeka mapema, hufichwa chini ya fondanti, ule ukanda wa sukari unaofunika keki, kisha hujitokeza mbele za watu.

Mtindo wenyewe umetoka Marekani. Huko huitwa kwa jina la yule mtengeneza kofia wa kwenye hadithi ya Lewis Carroll ya mwaka 1865, hadithi ambayo wasomaji wa Kiswahili waliipata mwaka 1940 kwa jina la Elisi Katika Nchi ya Ajabu. Kipindi cha televisheni cha Ace of Cakes, kilichoanza mwaka 2006 kikifuatilia kazi za duka la Charm City Cakes la Baltimore, kiliwaonyesha wengi kwamba keki ni kitu cha kuchongwa na kujengwa, si cha kuoka na kupaka tu. Leo mtindo huu huagizwa Dar es Salaam, Nairobi na Mombasa kwa sherehe za kuzaliwa, za kumuaga binti na hata za harusi.

Sasa simama mbele ya keki, hatua tatu mbali. Chukua uzi, ufunge nati nzito ncha moja, uuning'inize mbele ya jicho lako utulie. Umepata timazi, ile ile wanayoitumia waashi. Ulinganishe uzi na katikati ya kitako cha ghorofa ya chini, kisha panda nao polepole kwa macho. Vichwa vya ghorofa vitakwenda huku na huku, na hivyo ndivyo vinavyotakiwa. Vitako ndivyo vya kuangalia: vyote vitatu vinapaswa kugawanywa na uzi huo huo katikati. Kitako kikiwa kimekwenda pembeni nusu inchi, mwokaji hakupima vizuri. Kikizidi inchi moja, ama kiliwekwa vibaya ama keki imeshaanza safari.

Halafu tazama pale ghorofa ya juu inapokutana na ya chini. Hapa ndipo penye siri yote. Ghorofa ya juu haiwekwi juu ya mteremko; inazamishwa ndani ya kiti kilichochimbwa kwenye mteremko, na sakafu ya kiti hicho imelala sawa. Kwa hiyo upande ulioinuka wa ghorofa ya chini utaona mguu wa ile ya juu umezama, na upande ulioshuka utaona ukuta wake karibu wote. Ukiona mguu wa ghorofa ya juu unaonekana sawasawa kuzunguka pande zote, jua hakuna kiti. Keki hiyo imekalishwa kwenye mteremko na kushikiliwa na krimu na matumaini.

Watu hudharau nguvu ya mteremko kwa sababu unaonekana mdogo. Chukua ghorofa yenye upana wa inchi 10, upande mmoja ukiwa na kimo cha inchi 6 na wa pili inchi 4. Mteremko wake ni nyuzi 11 hivi. Kwenye mteremko huo, karibu sehemu moja kwa tano ya uzito wa kitu huvuta kuelekea chini. Ghorofa ya kilo mbili inavuta kwa takriban gramu 400, bila kupumzika, saa nzima baada ya saa nzima, huku siagi iliyo chini yake ikilainika. Hakuna krimu inayoweza kushindana na hilo kwenye joto la pwani. Kiti kilicholala sawa kinaufuta mvuto huo kabisa.

Vipimo vinavyomfaa anayeanza ni hivi. Oka ghorofa ya chini kwenye chombo cha inchi 10, ya kati inchi 8, ya juu inchi 6. Kuta zote zichongwe zikipungua kuelekea chini, kila kitako kiwe pungufu kwa inchi 2: chini inchi 8, kati inchi 6, juu inchi 4. Panga tabaka za ghorofa ya chini zifike kimo cha inchi 5, uiache kwenye friji usiku kucha ikiwa imefungwa kwa plastiki. Keki ya moto haichongeki, inamomonyoka tu. Asubuhi igeuze kichwa chini, weka kibao cha inchi 8 katikati, kisha shuka na kisu cha mkate kutoka ukingo wa kibao hadi ukingo wa nje wa keki, ukizunguka. Irudishe wima, uiweke juu ya kibao hicho.

Mwinamo wa juu hupatikana kwa kukata mara moja. Upande mmoja weka alama kwenye inchi 4, upande wa pili anza kwenye ukingo wa juu kabisa, ukate kutoka huku hadi kule. Utapata kipande chenye upande mnene na upande mwembamba. Kigeuze chini juu, ule upande wake mnene uangukie kwenye upande mrefu wa keki, ukishike kwa krimu kidogo. Bila kupoteza chembe umepata inchi 6 huku na inchi 4 kule. Wapo wanaookea kimo kikubwa na kutupa kinachobaki, sioni sababu. Ghorofa za juu zifanyie vivyo hivyo kwa tofauti ndogo zaidi, na uzipange mwinamo ukipishana, ulioinuka wa moja ukae juu ya ulioshuka wa nyingine.

Kiti cha ghorofa ya kati kitakuwa na upana wa inchi 6 na ushee kidogo, kwa kuwa fondanti ina unene wake. Ukikichimba sawasawa, upande wa mteremko wa chini kitazama robo inchi tu, na upande wa juu inchi moja na karibu nusu. Weka pimamaji ndogo juu ya kibao ndani ya kiti. Kama tone la hewa halikai katikati, chonga tena. Kifuatacho ni nguzo: nne au tano ndani ya duara la kiti, zikatwe zote urefu mmoja, zikigusa kibao cha chini na kuishia usawa wa sakafu ya kiti. Mirija minene ya plastiki inafaa, vijiti vya mbao vya unene wa penseli vinafaa zaidi. Vijiti vya mishikaki ni vyembamba mno; hupenya kwenye keki na kulala ubavu. Mwisho huja nguzo moja ndefu iliyochongwa ncha, inayopita katikati ya ghorofa zote pamoja na vibao vyake.

Ipo njia nyingine, ya kuweka kabari za povu gumu kati ya ghorofa ili zilale kwelikweli upande. Ni njia halali iwapo nguzo ya kati imefungwa kwa skrubu kwenye ubao wa chini. Kwa anayeanza siishauri.

Rudi kwenye keki unayoikagua, usogee karibu. Ukuta unaopungua kuelekea chini ni mtihani mkubwa wa fondanti, kwa sababu kitambaa kinachofunika juu kipana kinalazimika kujikunja chini kwembamba. Mikunjo midogo nyuma ya keki, karibu na kitako, naisamehe kwa mwanafunzi. Mikunjo ya mbele siisamehe, wala utepe mnene uliobandikwa kuificha. Aliyeijua kazi huiweka keki juu ya chombo kirefu chembamba ili fondanti ining'inie bila kugusa meza, kisha huilainisha kwa kiganja kuanzia ukingo wa juu kwenda chini, akiifungua kila mkunjo kabla haujakaa. Ukingo ulioinuka ndio unaochanika kwanza. Utafute kwa kidole: ukiona nyufa ndogo kavu, fondanti ilikaa wazi muda mrefu kabla ya kufunikwa.

Mistari ya wima husema ukweli kuliko pambo lolote. Ukuta wa inchi 10 juu na inchi 8 chini unataka kila mstari upungue kwa sehemu moja kwa tano unaposhuka. Mstari wa inchi moja juu uwe na nane ya kumi ya inchi chini. Aliyekata utepe wa upana mmoja atakuta mistari inapandana kitakoni au inaacha mapengo juu. Nikiona mistari iliyopunguzwa vizuri na kufika nyuma ikikutana, namheshimu mwokaji huyo hata kabla sijaonja. Maandishi nayo, kama jina la mtoto, yafuate mwinamo wa ukingo au yafuate usawa wa meza, moja kati ya hayo mawili, kwenye keki nzima.

Joto letu lina hukumu yake. Dar es Salaam kati ya Januari na Machi hupita nyuzi 30 mchana, na siagi haivumilii hali hiyo. Chini ya fondanti weka ganashi badala ya krimu ya siagi: chokoleti nyeusi sehemu mbili kwa krimu ya maziwa sehemu moja, au chokoleti nyeupe sehemu tatu kwa moja. Ikiganda hufanya ukuta mgumu ambao fondanti hushika umbo lake. Keki iliyofunikwa ikitoka kwenye friji hutoa jasho kwa unyevu wa pwani. Usiiguse wala kuifuta. Iache mbele ya feni ikauke yenyewe. Keki yenye alama za vidole zinazong'aa ni ya mtu aliyeshindwa kusubiri.

Barabara ni jambo fupi: safirisha ghorofa mbali mbali, kila moja kwenye boksi lake, zikapangwe ukumbini. Matuta ya barabarani hayajui mtindo. Ukumbini, igeuze meza mpaka mteremko uonekane kwa ubavu kutoka upande wa wageni na wa mpiga picha, kwa kuwa upande ulioinuka ukiwatazama moja kwa moja, mwinamo wote unapotea.

Kinachobaki ni kisu, na hapa nina msimamo mkali. Keki hii inahitaji mwili mzito kidogo, ndiyo maana napenda ile ya vipimo sawa: unga, siagi, sukari na mayai kwa uzito mmoja, gramu 450 kila kimoja kwa mfano. Keki laini sana ya mayai yaliyopigwa povu haibebi ghorofa nyingine. Kipande cha unene wa vidole viwili kisimame chenyewe kwenye sahani. Tabaka za krimu ziwe nyembamba, chini ya nusu sentimita, zenye unene mmoja toka ukingo hadi ukingo. Kipande chenye krimu nene upande mmoja kinaonyesha kwamba tabaka zilianza kuteleza. Fondanti iwe na milimita tatu au nne. Zaidi ya hapo ni kuficha kuta mbaya kwa sukari. Halafu onja. Uzito si ukavu, na mwokaji mzuri hupaka shira nyepesi kila tabaka. Keki kavu imeshindwa, hata ikiwa imesimama siku tatu.

Harusi zetu zina kipimo ambacho wenzetu wa Marekani hawanacho. Maharusi huwakabidhi wazazi keki, na pengine ghorofa nzima hupelekwa meza ya wakwe. Keki iliyojengwa kwa viti na vibao huachana bila kubomoka: nguzo ya kati inang'olewa, ghorofa inanyanyuliwa na kibao chake, mama mkwe anapokea kitu kizima. Iliyogandishwa kwa krimu hukatika mikononi mbele ya ukumbi mzima. Kama ghorofa fulani ni povu lililopambwa, si aibu, mradi mteja aliambiwa tangu siku ya kuagiza na bei ikapungua.

Unayeanza, anza na ghorofa mbili, ya inchi 8 na ya inchi 6, ukachore kwanza kwenye karatasi kwa kimo chake halisi ukiandika kila kipimo pembeni. Nawe unayeagiza, usimwombe mwokaji picha peke yake. Muulize ghorofa ya juu inakaa juu ya nini, na nguzo zina urefu gani. Akikujibu kwa vipimo, mpe malipo ya awali. Akikujibu kwa picha nyingine, tafuta mwingine.