Ladha ya Kuazima: Hadithi za Kigeni Nachingwea na Ruangwa

Jioni moja barazani hapa Unguja, baada ya mashairi kusomwa na kahawa kunywewa, mazungumzo yaliangukia kwenye suala la ladha. Maalim mmoja, mshairi ambaye tungo zake nimezihifadhi tangu ujana wangu, alisema kwamba vijana wa bara wamelelewa na sinema za watu na vitabu vya watu, na kwa hiyo hata wakiandika Kiswahili, nyoyo zao zinaandika lugha nyingine. Akamalizia kwa methali: nguo ya kuazima haisitiri. Hakunitaja, lakini macho yake yalinitazama mimi, kwa kuwa pale barazani ni mimi peke yangu niliyetoka Nachingwea. Nilinyamaza kwa adabu. Jibu langu nimelichelewesha, na leo nalileta kwa maandishi, kwa heshima zote, maana Maalim alisema jambo ambalo nusu yake ni kweli.

Nianze kwa kukiri. Hadithi iliyonifanya nipende kusoma haikuwa utenzi wala ngano ya bibi yangu Mmwera. Ilikuwa *Mashimo ya Mfalme Sulemani*, riwaya ya Mwingereza Rider Haggard iliyotoka kwao mwaka 1885 na kutafsiriwa kwa Kiswahili na Frederick Johnson mwaka 1929. Nakala tuliyokuwa nayo miaka ya 1980 ilikuwa haina jalada, na kurasa zake za mwanzo zilikwisha kuliwa na mchwa. Ilizunguka nyumba kwa nyumba, na kila mwenye zamu aliisoma kwa sauti kwa wasiojua kusoma. Baadaye tulikipata *Kisiwa chenye Hazina*, naye Robert Louis Stevenson akawa mwenyeji wetu kabla hatujasikia jina la Shaaban Robert darasani.

Hapa pana jambo ambalo Maalim hakulipima. Kwetu sisi, kilichokuwa kigeni zaidi katika kitabu kile hakikuwa milima yenye theluji wala almasi za mfalme. Kilikuwa Kiswahili chenyewe. Nyumbani tulisema Kimwera, na Kiswahili cha sokoni kilikuwa cha haraka, cha kununulia chumvi na kuuzia korosho. Kiswahili cha Johnson kilikuwa kimejengwa juu ya Kiunguja, lahaja ambayo mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 uliikubali kuwa msingi wa Kiswahili sanifu. Kwa hiyo, Maalim, ikiwa nguo ile ilikuwa ya kuazima, kitambaa kilitoka Uingereza, lakini uzi ulitoka kwenu. Mtoto wa Nachingwea alijifunza uzuri wa lugha ya kisiwa chako kutoka kwenye kinywa cha mwindaji Mzungu wa kubuni. Sijui kama hilo ni la kucheka au la kulia. Najua kwamba ndivyo ilivyokuwa.

Ama kuhusu riwaya yenyewe, leo naisoma kwa jicho jingine, wala siwezi kuitetea yote. Wageni watatu wanawatisha wenyeji kwa kupatwa kwa mwezi, kana kwamba watu waishio chini ya anga lile hawakuwahi kulitazama. Bibi kizee Gagula amechorwa kama nyani kuliko mtu. Hazina ni ya nchi, lakini wanaorudi kwao na mifuko imejaa almasi ni wageni. Mhakiki anayeyaficha haya kwa sababu ya mapenzi ya utotoni hafai kuitwa mhakiki.

Hata hivyo, hadithi huisha pale inaposomewa. Ndani ya riwaya yumo Umbopa, anayejiunga na safari kama mtumishi, akibeba mizigo ya wakubwa wake jangwani. Kumbe yeye ndiye mrithi halali wa nchi ile, aliyetoroshwa akiwa mtoto mdogo baada ya baba yake kuuawa, naye amerudi kumwondoa mnyang'anyi Twala. Msomaji wa London alimwona kuwa msaidizi wa wahusika wakuu. Sisi tulimwona vingine, kwa sababu tulikulia Nachingwea. Hapo ndipo palipokuwa na kambi ya FRELIMO, ambako wapigania uhuru wa Msumbiji walifunzwa vita tangu miaka ya 1960. Wazee wetu waliwahi kuuziana mihogo na watu waliokuja wakiwa wakimbizi, wakaondoka wakiwa askari. Samora Machel mwenyewe aliishi na kufundisha katika kambi ile, na tarehe 25 Juni 1975 akawa Rais wa nchi yake. Basi tulipofika mahali ambapo Umbopa anavua nguo na kuonyesha alama ya nyoka kiunoni, hapakuwa na mtoto hata mmoja aliyeona ni ndoto ya mwandishi. Kwetu hiyo ilikuwa habari. Na mwishoni, pale Umbopa anapowaambia rafiki zake weupe kwamba hatawakaribisha nchini mwake wafanyabiashara wenye bunduki na pombe, tulishangilia kwa sauti ambayo nadhani Haggard hakuitarajia.

Sinema zilikuja baadaye. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 nilikuwa mwalimu Ruangwa, na burudani ya usiku ilikuwa kibanda cha video: kuta za matete, mabenchi ya mbao, televisheni moja, na jenereta iliyonguruma nje hata ikabidi sauti ipandishwe. Watu wa miji mikubwa walikwisha kuviita vibanda umiza, na aliyewahi kukaa humo saa mbili anajua kwa nini. Msimu wa korosho ulipofika na fedha kuonekana, watu walisimama hadi mlangoni. Tulitazama sinema za Hong Kong, za Marekani, za India na za Nigeria, nyingi zikiwa na sauti ya Mswahili iliyowekwa juu ya sauti za waigizaji. Kazi hii ina majina yake makubwa, kama Lufufu na DJ Mark wa Dar es Salaam. Na jirani zetu wa Uganda wanayo yao, kwa Kiganda, kama VJ Jingo.

Wasomi wengi waliidharau sauti ile wakiiona ni kelele juu ya kazi ya mtu. Mimi nadai kwamba ni sanaa, na kama sanaa nyingine yoyote ina wastadi na ina walaghai. Mlaghai hanyamazi. Mtu akilia, yeye anachekesha, mwanamke akisema neno, yeye anamgeuza kuwa mgomvi au malaya, adui akieleza sababu ya chuki yake, mfasiri anaziruka sababu zote na kusema tu, "Huyu ndiye adui." Nimeona kisa kizima cha dhuluma ya ardhi kikigeuzwa ugomvi wa mapenzi kwa sababu mfasiri hakutaka kusumbuka. Hilo ni kosa la uhakiki kabla ya kuwa kosa la lugha: amewanyima watazamaji haki ya kufikiri.

Mstadi hufanya kinyume. Nakumbuka usiku tulioitazama *Enter the Dragon*, sinema ya Bruce Lee ya mwaka 1973, kupitia kanda ambayo jina la mfasiri wake halikuandikwa popote. Muda wote alikuwa akisema: akieleza, akiuliza, akitia methali. Tulipofika kwenye chumba cha vioo, ambamo Bruce Lee anamtafuta adui yake na haoni ila vivuli vingi vya adui na vya nafsi yake, yule mfasiri alinyamaza. Hakusema neno mpaka vioo vilipoanza kuvunjwa. Kibanda kizima nacho kilinyamaza, ikabaki jenereta. Huyo alijua jambo ambalo mtambaji wa ngano analijua na ambalo washairi tunalijua kwa jina la kituo: kwamba kimya nacho ni sehemu ya kauli. Sikuwahi kumjua, lakini namhesabu miongoni mwa walimu wangu wa ushairi.

Nimesema juu ya kitabu na juu ya sinema. La tatu ndilo lililo karibu zaidi na moyo wangu, nalo halina mwandishi wala mtengenezaji. Ni michezo tuliyoitunga wenyewe.

Nachingwea ina tuta la reli isiyokuwapo. Baada ya vita vya pili vya dunia, Waingereza walianzisha mpango wa karanga, wakafyeka misitu kwa matrekta, wakajenga reli kuiunganisha Nachingwea na pwani. Mpango ulikwisha kuvunjika ilipofika mwaka 1951. Reli ikafungwa mwaka 1962, kisha vyuma vyake vikang'olewa. Lilibaki tuta, limenyooka porini kama mstari wa shairi uliofutwa maneno. Juu ya tuta hilo ndipo tulipocheza safari za hazina.

Mchezo ulikuwa hivi. Mmoja wetu alikuwa msimulizi. Yeye hakutembea, alikaa juu ya jiwe na kuamua yaliyotukia. Wengine walikuwa wasafiri. Msimulizi alisema: mbele yenu pana mto, na ng'ambo pana sauti. Wasafiri waliamua kuvuka, kurudi au kungoja, naye aliwaambia kilichowapata. Ramani ilichorwa kwa mkaa juu ya boksi. Kila penye mlango palikuwa na mlinzi, na mlinzi alitega kitendawili. Aliyeshindwa alitakiwa kutoa mji, kama ilivyo desturi ya vitendawili vyetu, na mji ule uliandikwa kwenye ramani. Basi ramani yetu ilijaa miji tuliyoitoa kwa kushindwa: Lindi, Mtwara, Kilwa, Unguja, Maputo. Tuliijua dunia kwa idadi ya vitendawili tulivyoshindwa kuvifumbua.

Sheria moja tuliichukua kutoka kwa kaka zetu waliowahi kwenda sinema mijini: steringi hafi. Shujaa mkuu hawezi kufa, hata apigwe risasi ngapi. Kwa sababu hiyo kila mtoto alitaka kuwa steringi, na mchezo ulivunjika kwa ugomvi karibu kila siku. Siku moja tulimwambia msichana aliyekuwa peke yake kati yetu kwamba yeye atakuwa Gagula. Tulimpa nafasi hiyo kwa dharau, kama tulivyofunzwa na kitabu. Hakukataa. Alisema, "Haya, lakini Gagula ndiye peke yake anayeijua njia." Tulipinga, tukarudi kwenye kitabu, tukakuta kasema kweli: bila bibi yule hakuna awezaye kukifikia chumba cha hazina, na ni yeye anayewafungia mle ndani. Tangu siku hiyo aliketi juu ya jiwe akawa msimulizi, na la kwanza alilolifanya ni kuifuta ile sheria. Kwake steringi alikufa. Alikufa kwa kiu, kwa ubahili, kwa kutosikiliza. Nasi tulianza kucheza kwa uangalifu, na kwa mara ya kwanza tulisaidiana.

Tazama, Maalim, kilichotokea. Kitabu cha Kiingereza, sheria ya sinema na desturi ya vitendawili vilikutana juu ya tuta la reli ya kikoloni, na mtoto wa kike wa Nachingwea akavitoa makosa vyote vitatu. Ule haukuwa uigaji. Ulikuwa uhakiki, tena mzuri kuliko mwingi nilioukuta baadaye katika vyuo.

Wala visiwa havikuwa tofauti. Muhammed Said Abdulla wa Makunduchi aliposhinda shindano la uandishi na *Mzimu wa Watu wa Kale*, kitabu kilichochapishwa mwaka 1960, Bwana Msa wake alikuja na kiko mdomoni na mbinu zilizomkumbusha msomaji Sherlock Holmes. Lakini nani leo atasema Bwana Msa si wetu? Watu wa Mji Mkongwe walimpenda Raj Kapoor kama ndugu, na kule Mombasa Juma Bhalo aliimba taarabu kwa mahadhi ya sinema za Kihindi, wasikilizaji wakalia machozi ya Kiswahili. Na tukizungumzia nguo, kanga zetu kwa miaka mingi zilichapwa Uingereza, Uholanzi, India na Japani. Zilisitiri, tena zikasema. Kilichozifanya kuwa zetu ni yale maneno machache ya Kiswahili yaliyoandikwa chini, na mwanamke aliyejua siku ya kuyavaa.

Lakini nilisema kwamba nusu ya hoja ya Maalim ni kweli, na sitaki kuikwepa. Kuazima si aibu. Aibu ni kuazima maisha yote bila kuazimisha. Nimetafuta kitabu cha visa na mikasa ambacho safari yake inavuka Mto Mbwemkuru, ambacho shujaa wake anapotea katika vilima vya Ruangwa au analala juu ya tuta lile la reli. Sijakipata. Ngano za bibi yangu zilizikwa naye kabla sijajua kwamba zilistahili kuandikwa, kwa kuwa wakati anazisimulia mimi nilikuwa nje, nikitafuta almasi za Mfalme Sulemani. Hasara hiyo haikuletwa na Haggard wala na Bruce Lee. Niliileta mimi, na wenzangu wa rika langu tuliokuwa na kalamu tusizitumie. Hapo, Maalim, ulinishika.

Basi kitendawili chako kimenishinda, na desturi naijua. Nakupa mji: Nachingwea. Ukifika, usiulize njia kwa steringi. Muulize bibi yeyote utakayemkuta karibu na tuta. Yeye ndiye anayeijua.